Sungura chotara na maziwa: ukubwa wa dume hautoshi

Wafugaji wengi hapa Tanga huamini kwamba ukimpandisha jike wa kienyeji na dume kubwa la aina ya New Zealand White, utapata majike wenye maziwa tele. Si hivyo. Pwani, kinachokausha maziwa kwanza ni joto. Sungura hatoki jasho. Hupoza mwili kwa masikio na kwa kuhema. Joto likipita nyuzi 30, kama ilivyo kwetu Desemba hadi Machi, hula kidogo, na asiyekula hana maziwa. Mwili mkubwa nao hupoa polepole zaidi.

Uchotara una faida, tena ya kweli, ila inategemea nani kakutanishwa na nani. Misri walichanganya sungura wao Baladi Red, aliyezoea jua la kwao, na V-line, ukoo wa sungura wa Hispania uliochaguliwa kwa wingi wa watoto wanaofika kuachishwa kunyonya. Hawakufuata ukubwa.

Kabla ya kumlaumu mama, mfahamu. Kwa kawaida hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika 3 hadi 5: anaruka kiotani, anasimama juu ya watoto, anaondoka. Maziwa yake ni mazito, mafuta yake ni mara tatu ya ya ng'ombe. Asubuhi tazama matumbo: yaliyotuna yameshiba, ngozi ya mikunjo ni njaa. Ukitaka uhakika, mpime mama kwenye mzani kabla na baada ya kunyonyesha. Uzito uliopungua ndio maziwa.

Bandani ezeka makuti badala ya bati, maji yasikatike, na chakula kingi kitolewe jioni.