Sindano ya ukuaji na kidonge cha maisha marefu: mambo ya kujua kabla ya kununua

Kwetu tunaopokea ripoti za madhara ya dawa, maswali kuhusu dawa za "kuzuia uzee" yameongezeka, na wengi wanaouliza hutaja dawa mbili kwa pamoja: sindano za homoni ya ukuaji na vidonge vya rapamaisini. Wauzaji nao huzinadi pamoja. Dawa hizi zinavuta kamba pande mbili. Homoni hupandisha ishara ya ukuaji ndani ya seli, rapamaisini huishusha. Anayekuuzia zote mbili kwa ahadi ileile hajui anachouza, au anajua na anakuficha.

Ukila, insulini hupanda. Homoni ya ukuaji nayo hulichochea ini kutoa IGF-1, homoni inayofanana na insulini. Ishara hizi, pamoja na asidi za amino zitokanazo na protini, hasa lusini, hukutana kwenye protini moja iitwayo mTOR, ileile ambayo rapamaisini huizuia. Asidi za amino zikiwa tele, mTOR huvutwa hadi kwenye utando wa lisosomu, kile kifuko ambamo seli humeng'enya takataka zake. Ikishawashwa pale, huamuru protini mpya zitengenezwe na papo hapo huzuia kazi ya usafi. Chakula kikipungua, mTOR hulegeza: utando mpya hujengwa kuizunguka mitokondria (kiwanda cha nishati cha seli) iliyochakaa, huifunga pande zote, kisha huipeleka kwenye lisosomu ikavunjwe na vipande vyake vitumike upya. Seli isiyopata nafasi ya usafi huo hulimbikiza sehemu mbovu, na mlimbikizo huo huandamana na uzee.

Kwa wanyama, ushahidi ni mzito. Mwaka 1993 maabara ya Cynthia Kenyon, mwanasayansi wa Marekani, ilionyesha kwamba minyoo wenye hitilafu katika jeni ya daf-2, inayotengeneza kipokezi cha ishara jamii ya insulini, huishi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mwaka 2009 panya walioanza kupewa rapamaisini wakiwa na siku 600, yaani wakiwa tayari wazee, waliongeza umri: majike asilimia 14 na madume asilimia 9, kwa kuhesabu hadi siku ambayo asilimia 90 yao walikuwa wamekufa. Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo. Watu wa Ecuador wenye ugonjwa wa Laron, ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji, ni nadra kupata saratani au kisukari, lakini haijaonekana kwamba wanaishi zaidi ya ndugu zao.

Sasa homoni ya ukuaji. Utafiti unaonukuliwa kila mara ni wa 1990: wanaume 12 wenye zaidi ya miaka 60 walichomwa sindano kwa miezi 6, misuli ikaongezeka na mafuta yakapungua. Haukupima urefu wa maisha hata kidogo. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tangazo lilelile la sindano hiyo linarudi. Madhara yanajulikana: miguu kuvimba, viungo kuuma, ganzi ya vidole kwa mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na sukari kupanda. Nchini Marekani, kusambaza homoni hii kwa matumizi yasiyoruhusiwa kisheria, yakiwemo ya kuzuia uzee, ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, na hadi 10 ikiwa anayekusudiwa hajatimiza miaka 18. Kosa halisubiri mtu adhurike. Kumiliki kwa nia ya kusambaza kunatosha.

Rapamaisini, ambayo kwenye boksi huandikwa sirolimasi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 ili mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Kazi yake hapo ni kuishusha kinga. Mtumiaji anaweza kupata vidonda vya mdomoni, lehemu kupanda, jeraha kuchelewa kupona na maambukizi. Nusu ya dawa huchukua takriban saa 62 kutoka mwilini, hivyo ukiacha leo, kesho bado unayo. Antibayotiki ya klarithromaisini, dawa ya fangasi ya ketokonazo na juisi ya balungi huipandisha katika damu, dawa ya kifua kikuu ya rifampisini huishusha. Chanjo zenye vimelea hai ziepukwe. Mgonjwa aliyepandikizwa figo hupimwa kiwango cha dawa kwenye damu mara kwa mara. Anayenunua mtandaoni hapimwi na mtu.

Kuna kosa jingine linalotusikitisha zaidi: wazee wanaopunguza protini ili "kuituliza mTOR". Mtu wa zaidi ya miaka 65 anahitaji protini zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa sababu misuli ya uzeeni huitikia lusini kwa uvivu. Akipunguza, misuli inayeyuka, anaanguka, nyonga inavunjika. Mwenye ugonjwa wa figo aelekezwe na daktari wake.

Ukiwa umeshatumia mojawapo na umeona dalili, usitupe kitu. Hifadhi boksi, kichupa na karatasi ya maelezo. Andika namba ya toleo la uzalishaji, tarehe ya kuisha muda, dozi, siku uliyoanza na siku dalili ilipojitokeza. Sindano ya homoni huhitaji nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi bila kugandishwa, kwa hiyo eleza pia ilivyosafirishwa. Ripoti hupokelewa ikiwa na mambo manne: mgonjwa anayeweza kutambulika (herufi za mwanzo za jina na umri vinatosha), anayeripoti, dawa inayoshukiwa na dhara lenyewe. Huna haja ya kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Kuchunguza hilo ni kazi yetu. Dalili kama homa isiyoshuka, kifua kubana au uso kuvimba haisubiri fomu: nenda hospitali kwanza, na uende na boksi.