Paka aliyetapika omena mzima hajalishwa sumu

Maziwa. Paka wa Kisumu akitapika, hata hajajilamba mdomo, bakuli la maziwa limeshafika mbele yake. "Daktari, jirani ametega sumu, nimeshampa maziwa, sasa nifanye nini?" Sasa uyaondoe hayo maziwa, kisha turudi kwenye kile kilicho sakafuni, maana hadi hapo hakuna aliyekitazama.

Mara nyingi kilicho sakafuni ni punje nzima nzima za chakula cha dukani, au omena (dagaa wa ziwani) ambao bado wana macho, wamelala kwenye ute, dakika tano baada ya sahani kulambwa ikang'aa. Na mgonjwa mwenyewe yuko mlangoni mwa jikoni anadai nyongeza. Huyo amekula mbio, basi.

Sumu ina sura zake. Zile za panya zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kujionyesha: paka ananyong'onyea, ufizi unapauka, damu inatoka puani au kwenye mkojo. Dawa nyingi za wadudu wa shambani huja kwa kishindo: udenda unamwagika, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka, anahara na kupumua kwa shida. Ukiona hayo, acha kusoma, mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi pamoja na pakiti ya dawa ukiipata. Maziwa hayazimui hata moja kati ya sumu hizo. Yanachofanya ni hiki: paka wengi wakishakua hupungukiwa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kwa hiyo baada ya saa chache anaanza kuhara, halafu kule kuhara kunageuka "ushahidi" kwamba kweli alilishwa sumu, na maziwa yanaongezwa.

Sasa tofauti ambayo watu huiruka, nami sitairuka hata nikiitwa msumbufu. Kuna kutapika na kuna kucheua.

Kutapika ni kazi. Paka anameza mate mara kwa mara, anajilamba, anachutama, mbavu na tumbo vinapiga kama mivukuto, anatoa ile sauti inayoamsha nyumba nzima saa kumi alfajiri, kisha kitu kinatoka. Kinachotoka huwa kimeanza kulainika, na pengine kina nyongo ya njano au ya kijani.

Kucheua hakuna jasho. Anainamisha kichwa, chakula kinateremka chenyewe bila kukokomoa. Kinatoka kizima, kimepakwa ute, hakina nyongo, na mara nyingi kina umbo la soseji kwa sababu kilikuwa bado kwenye umio, hakijafika tumboni. Paka anakitazama kidogo, kisha anaanza kukila upya. Inachukiza, lakini haimdhuru. Shida ni kwamba atakila kwa kasi ileile.

Vitabu huchora mstari ulionyooka kati ya hayo mawili. Sebuleni mstari huo haunyooki. Paka wengi wanaokula mbio hutoa chakula ambacho kilishafika tumboni, kikalitanua ghafla pamoja na hewa aliyoimeza, kikarudishwa kabla asidi haijakigusa. Anakokomoa kidogo, kinatoka kizima. Je, ametapika au amecheua? Kwa kusimuliwa kwenye simu siwezi kuapa, na hata nikiwa nimesimama pale kuna siku nitasita. Ndiyo maana nauliza maswali matatu kabla ya lolote: ni dakika ngapi tangu ale, alikokomoa au la, na rangi ni ipi. Chakula kizima, chini ya nusu saa, hakuna nyongo, paka mchangamfu: anza na sahani. Saa nane baada ya kula na bado punje zinatambulika: tumbo halisukumi chakula mbele, na sahani haitakusaidia.

Tena kuna mcheuaji ambaye hana kosa la kasi. Paka anayecheua kila mlo, hata akila polepole, hata chakula laini, ana tatizo la umio. Sababu mojawapo tunaisababisha wenyewe: kidonge cha doksisaiklini (antibiotiki) kilichosukumwa kooni kikavu. Kinanasa njiani, kinachoma ukuta wa umio, kovu linaubana. Ukipewa vidonge hivyo, kila kimoja kifuatishwe na maji, mililita 5 au 6 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole kupitia pembeni mwa mdomo, au kifuatishwe na chakula.

Minyoo, kwa haraka. Ndiyo, minyoo inaweza kumtapisha paka, hasa mtoto, na ukiona kitu kama tambi nyeupe kwenye matapishi huhitaji kubahatisha. Paka mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa uzito wake. Lakini kumpa dawa mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa sababu "bado anatapika" ni kupoteza pesa za agroveti. Na Panadol usimpe kabisa, hata robo ya kidonge, inaua paka.

"Ni mlafi tu." Hilo nalo linaniudhi. Panya mdogo mmoja ana kalori kama 30. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku, yaani panya saba au wanane, na porini hawapangi foleni ili waliwe wote saa moja jioni. Anakula kidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Sisi tunampa sahani moja kwa siku, jioni, tukirudi kazini, tena kando ya mbwa na kuku wawili wanaochungulia. Wewe ungekula taratibu?

Halafu kuna ugali. Paka anayelishwa donge la ugali lililonyunyiziwa mchuzi wa samaki anashiba tumbo lakini mwili bado unadai nyama. Ugali hauna taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki ambacho paka hawezi kuishi bila hicho; kikipungua kwa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika. Huyo akipata samaki siku moja atafakamia, na hapo ni njaa, si tabia. Ugali uwe kijazio kidogo tu, samaki au nyama ndiyo iwe chakula chenyewe. Paka akila vya kutosha kwa siku nzima, kasi mara nyingi hupungua kabla hujanunua kitu chochote.

Basi tuanze na kipimo. Chakula kikavu cha paka huwa na kalori 350 hadi 400 hivi kwa gramu 100. Soma pakiti yako. Kwa paka wa kilo 4, hiyo ni gramu 50 hadi 70 kwa siku nzima. Pima kwa mizani ya jikoni mara moja, weka alama kwenye kikombe, usirudie kukisia. Kikombe cha chai kilichojaa ni karibu maradufu ya hapo. Gawa mara nne: gramu 15 saa kumi na mbili asubuhi, 15 mchana, 15 jioni, 15 kabla ya kulala. Ukiwa kazini mchana, sehemu hiyo itangojea kwenye chupa, nitaieleza. Ukiweza mara tatu tu, iwe tatu. Mara moja, hapana.

Kisha tandaza. Bakuli lenye kina ni adui, kwa sababu paka anatumbukiza mdomo na kuchota. Mwaga punje kwenye sinia pana ili zisigusane, afuate moja moja. Kama chakula ni laini, paka (ndiyo, paka) kwenye sahani bapa kwa mgongo wa kijiko, tabaka jembamba kama siagi kwenye mkate, alambe badala ya kumeza mapande.

Trei ya mayai ya karatasi, ile ya mayai 30, ni kifaa bora kuliko vingi vinavyouzwa ghali. Ikate nusu, weka punje tatu nne kwenye kila shimo. Ni ya chakula kikavu pekee. Ikilowa au akianza kuitafuna, itupe, uchukue nyingine. Iliyobeba mayai yaliyovunjika au yenye kinyesi cha kuku isitumike.

Jiwe ndani ya bakuli nalo linasaidia, alizunguke akitafuta chakula. Liwe laini, limechemshwa, na kubwa kuliko yai la kuku. Kokoto usiweke. Paka mwenye pupa anaweza kumeza kokoto, halafu tutakutana kwenye upasuaji.

Chupa ya soda ya nusu lita: toboa matundu sita kwa msumari uliopashwa moto, uyapanue hadi upana wa punje mbili, kama sentimita 1.5, na uhakikishe kingo hazikwaruzi. Weka gramu 15, funga kizibo, iviringishe mbele yake. Kosa la kawaida ni kutoboa matundu madogo siku ya kwanza. Paka anajaribu mara tatu, anakata tamaa, na mwenye paka anasema "hataki". Anza na matundu makubwa, punje zianguke ovyo, akishaelewa ndipo uzibe baadhi kwa utepe wa gundi. Usimlazimishe kwa njaa: paka asiyekula kabisa kwa siku moja, muite daktari, na akiwa mnene zaidi ndiyo hatari, kwa sababu mafuta yanakimbilia kwenye ini na kulizima.

Omena wakavu wanahitaji aya yao. Wanamezwa bila kutafunwa, wakavu, wenye mchanga. Waoshe maji mawili matatu hadi mchanga uishe chini ya karai, waloweke kwenye maji moto dakika 15, wachemshe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za paka), kisha uwaponde kwa mwiko. Kijiko kimoja kikubwa cha mezani kwa mlo mmoja kinatosha kuanzia. Kupika kuna faida nyingine: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto hukiua. Mgongo wazi kutoka mtaa wa Obunga, yale mabaki ya mbuta yenye nyama kidogo mfupani, chambua nyama, tupa mifupa. Najua bibi yako alimtupia paka mfupa mzima na paka akaishi. Waliokufa hawahesabiwi.

Kwa joto la hapa ziwani chakula laini kisizidi nusu saa sahanini. Na sisimizi wakivamia, simamisha sahani juu ya kikombe katikati ya karai lenye maji kidogo.

Paka wawili au zaidi: kila mmoja sahani yake, asimwone mwenzake akila. Mmoja chumbani, mmoja jikoni, mlango umefungwa dakika 20. Kuweka sahani mbili bega kwa bega si kuwatenganisha. Yule mwoga atameza haraka zaidi ili ahame. Mbwa atoke nje kabisa.

Kuna ushauri wa kuinua sahani sentimita kumi hivi. Kwa paka wachache wenye tatizo la umio naona mantiki yake. Kwa mla mbio wa kawaida sijui kama inabadilisha lolote, ila haigharimu kitu. Nadharia kwamba sharubu zikigusa kingo za bakuli paka anaudhika na ndiyo maana anakula vibaya siiamini sana, lakini tiba yake ni sahani bapa, ambayo nimeshakushauri kwa sababu nyingine, kwa hiyo hatuna ugomvi.

Akitapika chakula kizima, usijaze sahani upya papo hapo kwa huruma. Acha maji, subiri saa moja au mbili, mpe kijiko kimoja cha chai, kikikaa nusu saa ongeza kingine. Kwa mtoto wa paka usirefushe kungoja huko. Hao huishiwa nguvu haraka.

Fanya haya kwa wiki tatu, ukiandika kwenye kalenda kila anapotapika. Kama imepungua sana, endelea. Kama bado ni kila wiki, kasi haikuwa kisa, au haikuwa kisa peke yake, na anahitaji kupimwa. Paka aliyevuka miaka 10 anayekula sana huku akikonda asingojee hata hizo wiki tatu: tezi dundumio (ile ya shingoni), figo na utumbo vyote viko kwenye orodha. Asiyengojea hata saa moja ni yule anayetapika mara kwa mara siku hiyohiyo na hata maji hayakai, anayetapika damu, au mwenye uzi. Uzi ukining'inia mdomoni au nyuma, usiuvute: huenda umenasa chini ya ulimi na kushuka hadi utumboni, na kuuvuta ni kuukata utumbo kama msumeno.

Ukija kliniki, njoo na pakiti ya chakula, kalenda, na picha ya kilichotoka ikiwa na sarafu ya shilingi kumi pembeni ili nione ukubwa. Video ya paka akikitoa ni bora mara kumi kuliko maelezo. Piga picha kwanza, deki baadaye, na umshike mbwa.