Kilomita 200 kwa wiki na muundi unaouma: maswali na majibu kwa wakimbiaji

Kocha amenipangia kilomita 200 kwa wiki. Si nyingi mno?

Kwa mkimbiaji wa marathoni aliyekomaa, la. Wengi wa kiwango cha juu, katika kambi za Iten na Kaptagat nchini Kenya, hukimbia kilomita 160 hadi 220 kwa wiki. Lakini walizifikia kwa miaka, na sehemu kubwa huzikimbia taratibu, kasi ya kupiga soga. Tunaowapokea kliniki wakichechemea ni wengine: kijana ametoka nyumbani akikimbia kilomita 80, amefika kambini akaparamia 160 papo hapo, na mbio nyepesi za asubuhi anazigeuza mashindano.

Basi bora kipi, wingi wa kilomita au mazoezi ya kasi?

Unahitaji vyote viwili. Ila usiongeze vyote katika wiki moja, kwa sababu mfupa unaobeba mzigo ni uleule.

Muundi unaniuma. Si misuli tu?

Maumivu yaliyotanda kando ya muundi, yanayopungua mwili ukishapata joto, mara nyingi si mfupa uliopasuka. Ila yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa kidole, yakazidi kadiri unavyokimbia, yakakuamsha usiku, chukulia ni ufa kwenye mfupa mpaka kipimo kikanushe. Ufa huo hutokea mfupa unapopokea mishindo mingi kuliko unavyoweza kujijenga upya.

Nimalize kwanza kilomita za wiki hii, ndipo nije?

Hapana. Njoo leo.

Nikidungwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nikaendelea?

Hapana! Sindano haiungi mfupa. Inaondoa maumivu tu, nawe unaendelea kuupasua bila habari. Tena dawa hiyo, ukiwa umepungukiwa maji baada ya kukimbia kilomita 35, huumiza figo, na tumbo nalo halisalimiki. Mkimbiaji akivua suruali nikaona alama za sindano makalioni, najua tayari hadithi yote.

Mashindano ni wiki ijayo, na maumivu yako kwenye kinena tu.

“Tu”? Kinena ndicho kinachotutisha kuliko muundi. Huenda ufa uko kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ukikatika kabisa, damu inaweza kukosa kufika kwenye kichwa cha mfupa, na hapo ni upasuaji, pengine na mwisho wa mbio zako. Hapana, usikimbie. Hata mbio nyepesi, hapana. Tumia magongo mpaka upimwe.

Eksirei imeonyesha mfupa mzima. Nirudi barabarani?

Usirudi. Katika wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haioni ufa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huuona mapema. Usipoipata, pumzika kana kwamba ufa upo, kisha urudie eksirei.

Hedhi yangu imekata miezi mitatu. Kocha anasema ni ishara ya kuwa fiti.

Kocha amekosea. Kama huna mimba, mara nyingi maana yake ni kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia: homoni zimeshuka na mifupa inadhoofika. Nenda kliniki, na uongeze chakula. Kilo mbili zilizopungua hazitakufaa ukiwa na mguu kwenye plasta. Wanaume wanaojinyima chakula nao wasijidhani salama.

Nitakaa nje muda gani?

Ufa wa kawaida wa muundi huhitaji takriban wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Ule wa mbele ya mfupa, muda mrefu zaidi. Ukichelewa kuja, ongeza miezi. Baiskeli na bwawa vinaruhusiwa kama haviumi. Ukiweza kutembea bila maumivu yoyote, anza kwa kuchanganya kutembea na kukimbia kwenye udongo, siku moja ndiyo, ya pili mapumziko. Kilomita zitangulie, kasi irudi mwisho kabisa. Na zile ampuli za diklofenaki zilizobaki begini, tafadhali usimgawie mwenzako wa chumba.