Mnaogopa chupa ya maji, bomba la dawa mmelibeba mgongoni

Wiki hii tena. Kijana mkulima wa nyanya kutoka Ilula kaja kuchukua majibu ya kipimo cha mbegu za kiume. Kabla sijafungua mdomo ananiambia ameshaacha maji ya chupa, maana kaona kwenye simu kwamba plastiki iliyokaa juani inamaliza nguvu za kiume. Mikono yake je? Anakoroga sumu kwenye ndoo bila glovu, anabeba bomba linalovuja, shati linalowa hadi kiunoni, na anashinda nalo mpaka jioni.

Jamani.

Nguvu na mbegu ni mambo mawili. Unaweza kuwa simba chumbani na mimi kwenye hadubini nisione hata mbegu moja. Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo fundo ya udongoni, waligundua katika soga zao wenyewe kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu kabisa. Watu wazima wa afya, kazini kila siku! Na hapa ndipo damu inaponichemka: utafiti uliochapishwa 1961 ulikuwa umeshaonyesha korodani za panya zikisinyaa kwa dawa hiyo hiyo. Marekani ilikuja kupiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake 1979, na huku nyuma wafanyakazi wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati walikuwa wameshaivuta na kuishika.

Sisemi kila dawa ya nyanya ni DBCP. Nasema angalia kiasi kinachokuingia na kinapitia wapi. Plastiki ina BPA na fthaleti, kemikali zinazoweza kuvuruga homoni, sikatai. Ila tafiti za wanaume zinagongana, na sababu mojawapo ni hii: mwili unazitoa kwa mkojo ndani ya saa chache. Mkojo wa leo unasimulia ulichokula jana, wakati mbegu ninayoiona leo ilianza kutengenezwa miezi miwili na nusu iliyopita. Nikikwambia chupa haina neno kabisa, nitakudanganya. Nikikwambia ndiyo iliyokukosesha mtoto, nitakudanganya zaidi.

Hata bomba siwezi kulifunga jela kwa jibu moja la maabara. WHO wanataja mbegu milioni 16 kwa mililita ya manii kama mpaka wa chini, lakini wapo walio chini ya hapo na wana watoto, na wengi wenye namba mbovu hatuipati sababu. Tunaandika "haijulikani" na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo wewe unayepuliza: vaa glovu na mabuti, oga ukitoka shambani, shati la dawa lifuliwe peke yake. Daktari akuangalie kama una mishipa iliyovimba kwenye korodani. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu, ukiwa umekaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Na mkeo apimwe sasa hivi, asisubiri zamu yako iishe.