Je, wajua? Si kila rivolva na bunduki ya wenzo za kaliba moja hupatana

Mwaka 1873 zilitoka Marekani silaha mbili ambazo watu wengi hudhani zilizaliwa kama mapacha: bunduki ya Winchester inayopakiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini ya mshikio, na rivolva ya Colt ya risasi sita (bastola yenye silinda inayozunguka). Ukweli ni kwamba hazikutumia risasi za aina moja. Winchester ilikuwa na .44-40, Colt ilikuwa na .45 (nambari ya kwanza ni kaliba, yaani unene wa risasi katika sehemu za inchi). Mchunga ng'ombe aliyemiliki zote mbili alibeba risasi za aina mbili, na akizichanganya kwa haraka, silaha moja ilibaki chuma kitupu mkononi. Colt haikuchelewa kuliona soko. Kabla muongo huo haujaisha, rivolva ileile ilikuwa ikiuzwa kwa kaliba ya .44-40.

Kwa nini ihame Colt, isihame Winchester? Jibu liko kwenye kitako cha ganda la risasi. Bunduki ya wenzo ina kucha ndogo ya chuma inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta nje baada ya kufyatua. Ganda la .45 la wakati ule lilikuwa na ukingo mwembamba mno, kucha isingepata pa kushika. Rivolva ya Colt haikujali hilo, kwa sababu ganda lake husukumwa nje kwa ufito kutoka mbele. Maganda ya .45 ya leo yana mfuo uliochongwa mbele ya ukingo, kwa hiyo kucha inashika vizuri, na ndiyo maana bunduki za wenzo za .45 ni jambo la miongo ya karibuni tu. Anayetafuta jozi ya kihistoria kweli, yaani rivolva na bunduki zinazotumia risasi za aina moja, achukue .44-40.

Anayechagua kwa matumizi aanze na rivolva aliyonayo tayari, kisha aitafutie bunduki. Kwa watu wengi jozi bora ni ya .357 Magnum, nami nasema hivyo bila kusita. Risasi hii ya miaka ya 1930 ni .38 Special iliyorefushwa ganda kwa takriban milimita 3.4, makusudi ili isiweze kuingia kwenye rivolva dhaifu za .38. Silaha ya .357 basi hupiga zote mbili: .38 ya bei nafuu na msukumo mdogo wa kurudi nyuma kwa mazoezi, .357 kwa kazi. Silaha ya .38 haipigi .357 kamwe.

Faida ya mtutu mrefu inaonekana wazi hapa. Kichwa cha risasi cha gramu 10 (kwenye boksi utasoma greni 158) hutoka kwenye rivolva ya mtutu wa inchi 4 kwa mwendo wa karibu mita 375 kwa sekunde. Kwenye bunduki ya inchi 18 au 20 hufika mita 530 hadi 560. Nishati huwa maradufu au zaidi. Baruti ya .357 huungua polepole, kwa hiyo gesi huendelea kusukuma hata kichwa cha risasi kikiwa mbali ndani ya mtutu. Isitoshe, bunduki haina ule mwanya kati ya silinda na mtutu unaovujisha gesi. Ya .38 hainufaiki hivyo, maana baruti yake humalizika mapema. Hata .45 huongezeka kidogo tu, kutoka mita 260 hivi hadi 300 na kitu. Ya .44 Magnum hupanda vizuri, kutoka karibu mita 400 hadi 530, na ndiyo ya kuchukua kama unawinda wanyama wazito kuliko kulungu.

Kinachowasumbua wanunuzi zaidi ni namna bunduki inavyojilisha. Katika Winchester 1873 na nakala zake zinazotengenezwa Italia, risasi hurudi nyuma kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu, ikaingia ndani ya kipande cha chuma kinachopanda wima kama lifti hadi usawa wa chemba (nafasi iliyo nyuma ya mtutu risasi inamofyatuliwa). Risasi lazima ienee ndani ya kipande hicho. Ikizidi urefu, pua yake hubaki ndani ya bomba na lifti haipandi. Ikipungua sana, kitako cha risasi inayofuata hujipenyeza ndani na kuziba njia. Kwa hiyo .38 zenye kichwa butu kilichozama ndani ya ganda, zile za kulenga shabaha, mara nyingi hukwama humo. Mtindo wa Winchester 1892, uliobuniwa na John Browning, hauna lifti hiyo. Risasi hupandishwa kwa mshazari, na kufuli zake mbili za chuma, zinazofunga chemba wakati wa kufyatua, ni imara zaidi. Udhaifu wake ni vichwa vyenye bega kali, ambavyo hugonga mdomo wa chemba. Kwa Marlin 1894 iliyokwisha tumika, bunduki nyingine ya wenzo, kagua sehemu ambapo wenzo unasugua kipandishio (kipande kinachoinua risasi). Chuma kikilika hapo, risasi ya pili huteleza chini ya kipandishio na bunduki hujifunga kabisa, isifunguke wala isifungwe.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji risasi bandia 10 (zisizo na baruti) zenye urefu na umbo la zile utakazotumia. Zipakie zote, kisha vuta wenzo polepole mara 10, halafu rudia kwa nguvu na kasi. Bunduki inayokwama kwa mwendo wa pole ina tatizo la urefu au la kipandishio. Inayokwama kwa kasi tu huenda inahitaji fundi wa silaha arekebishe springi. Usikubali kuambiwa itazoea yenyewe.

Umbo la kichwa ni suala la usalama. Ndani ya bomba risasi hulala pua ya moja ikigusa fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ya inayotangulia. Pua iliyochongoka, ikisukumwa na mshtuko wa silaha kurudi nyuma, inaweza kulipua fataki hiyo ndani ya bomba. Tumia vichwa vyenye pua bapa. Theodore Roosevelt alipofika Mombasa mwaka 1909 kuwinda, alikuja na Winchester 1895, ambayo pia ni ya wenzo lakini magazini yake (sehemu ya kuhifadhi risasi) ni kisanduku. Humo risasi hupangana moja juu ya nyingine, pua haigusi fataki, na zilizochongoka hazina hatari hiyo. Risasi zake, lakini, zilikuwa kubwa mno kwa rivolva.

Jina lililo kwenye boksi halitoshi. Kikomo cha kawaida cha shinikizo la .45 Colt ni pauni 14,000 kwa inchi ya mraba, wakati .44 Magnum hufika 36,000. Baadhi ya watengenezaji huuza .45 kali zilizokusudiwa rivolva nene za kisasa, na zinaingia bila kipingamizi kwenye nakala ya Winchester 1873, ambayo kufuli yake haikuundwa kwa shinikizo hilo. Soma onyo la boksi, na pima jozi yako kwa silaha iliyo dhaifu kati ya hizo mbili.

Ukipiga .38 nyingi kwenye chemba ya .357, masizi hujijenga kama pete mbele ya mdomo wa ganda fupi. Siku utakayorudi kwenye .357, risasi itagoma kuingia hadi mwisho. Loweka chemba kwa dawa ya kusafishia, kisha isugue kwa brashi ya shaba ya kaliba ya .40, siyo ile ya mtutu. Na usitumie .38 hafifu sana zenye kichwa cha koti la shaba kwenye mtutu mrefu, kwani nguvu yaweza kuisha kichwa kingali ndani. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, usivute wenzo. Subiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, toa risasi zote, kisha pitisha ufito kutoka mbele uhakikishe njia iko wazi. Kufyatua risasi nyingine nyuma ya iliyokwama hupasua mtutu.