Meza Haikutokana na Kumeza

Wiki iliyopita, katika semina ya walimu wa Kiswahili niliyoalikwa kuzungumza, mwalimu mmoja alisimama na kueleza kwa uhakika kabisa kwamba meza imeitwa meza kwa sababu ndipo watu wanapokaa kumeza chakula. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Dai hilo nimelikuta katika madaftari ya wanafunzi na katika jumbe za simu kwa miaka mingi, na nimekuwa nikilisahihisha kwa upole. Lakini linapotoka kinywani mwa mtu anayefundisha wengine, naona upole hautoshi tena.

Kitenzi kumeza ni cha Kibantu na ndugu zake wako wazi: Waganda husema okumira, Wanyarwanda husema kumira, Washona husema kumedza. Iwapo samani hii ingepata jina lake kutoka katika tendo hilo, tungetarajia angalau jirani mmoja awe ameliunda kwa mira yake mwenyewe. Waganda husema emmeeza, neno lisilohusiana kabisa na okumira, kwa sababu wamelipokea kutoka kwetu likiwa limekwisha kuwa jina. Isitoshe, mzizi huo wa kale una mtoto wake halali katika Kiswahili, naye ni umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Na kama tungetaka kuunda jina la mahali pa kumezea, tungefuata njia iliyotupa kimbilio kutoka kimbilia na tegemeo kutoka tegemea, tukapata mezeo.

Wanaoshikilia dai hilo husahau pia jinsi watu wa pwani walivyokula. Nyumbani kwa bibi yangu, Tanga, wali ulipakuliwa kwenye sinia, sinia likatandikiwa mkeka, nasi tukalizunguka kila mtu na upande wake. Meza ilikuwapo, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na juu yake palikuwa na taa ya chemni, redio na barua za wajomba. Sikumwona mtu akila hata tonge moja pale. Tazama na matumizi ya leo: mama muuza nyanya ana meza yake sokoni, maharusi huketi meza kuu, na anayepokea rushwa husemwa amepokea chini ya meza. Maana zote hizo zinatokana na ubao uliolazwa juu ya miguu, na hakuna hata moja inayopita kooni.

Neno lilitoka katika Kireno, mesa, nalo lilitoka katika Kilatini, mensa. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakaondolewa humo na Waomani mwaka 1698, na katika muda huo wakatuachia bendera, karata, kopo, foronya na mengine. Hayo yanafahamika, sitayarefusha.

Kinachonikera zaidi ni kosa la wale wanaojua kwamba neno ni la Kireno. Hao huandika kwamba Waswahili “waliligeuza” mesa kuwa meza, kana kwamba babu zetu walishindwa kuitamka s. Walishindwaje, ilhali walikuwa wakisema samaki, sita na siku tangu zamani? Hakuna kilichogeuzwa. Katika Kireno, s moja inayokaa kati ya irabu mbili ni ghuna, yaani hutamkwa koo likitetemeka kama z, hivyo Mreno huandika mesa na hutamka meza. Pale semina niliwaomba walimu waweke vidole kooni na kutamka mesa, kisha meza, polepole, wakilivuta lile konsonanti la katikati. Mara ya kwanza koo hutulia, mara ya pili hutetemeka. Mtetemo huo ndio uliosikika bandarini, na ndio uliohifadhiwa. Neno lilipokewa kwa sikio, wala si kwa kusoma karatasi ya mtu.

Ushahidi uko katika maneno mengine ya msafara huohuo. Lenço ya Kireno haina mtetemo katika ç yake, na sisi tunasema leso, si lezo. Caixa ina sauti ya sh, na sisi tunasema kasha. Vinho ina sauti ya ny, nasi tuna mvinyo. Palipobadilishwa kweli ni katika igreja, kanisa, kwa kuwa ile j ya Kireno haimo katika Kiswahili, na ndipo z ikasimama mahali pake na kutupa gereza. Na kwa anayetaka kulinganisha, Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania, ambao s yao katika mesa haitetemeki. Watagalogi wakabaki na mesa yenye s mpaka leo. Masikio ya watu hawa wote yalikuwa sahihi, yetu yakiwamo.

Sasa nifike kwenye shaka ambayo kamusi huifunika kwa kuandika “Kireno” mabanoni na kwenda zake. Waajemi nao huita samani hii miz, ambayo zamani ilitamkwa mez, na Wahindi husema mez. Na pwani yetu ilifanya biashara na watu hao karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Mreno. Je, haiwezekani neno lilipanda jahazi? Kinachonizuia kukubali ni irabu ya mwisho. Neno la kigeni linaloishia na z, Kiswahili hulipa i: ndivyo tulivyopata azizi, lozi na hirizi. Kwa kanuni hiyo, mez ingetupa mezi. Ile a ya meza inaelekeza Ureno moja kwa moja. Hata hivyo, ninaona ni jambo la busara kukubali kwamba mabaharia waliokwisha kusikia mez huko Ghuba au Gujarat wasingeona ugeni wowote katika mesa ya Mreno, na kwamba huenda neno moja lilifunguliwa mlango na jingine. Mwanafunzi akiniuliza, nitamwambia Kireno, kisha nitamweleza na habari ya mez.