Springi hazijafa jamani

Juzi tena mama mmoja kaniletea kiti cha zamani hapa Nsambya, Kampala, kimefungwa nyuma ya boda, chini ya mto kaweka kipande cha plaiwudi. "Fundi, springi zimekufa, toa zote uweke foamu." Wa tatu huyo mwezi huu, nimechoka.

Springi ni chuma! Kinachooza ni mikanda ya juti chini yake, na kamba. Pindua kiti miguu juu, bandua lile gunia uangalie: springi imeshonwa kwenye mkanda, halafu kichwani imefungwa kamba mbele nyuma, kushoto kulia na mishazari, njia nane, kamba ndo inaizuia isilale ubavu. Ikikatika moja tu springi inainama, unakaa inakudunga makalio unatangaza msiba. Mimi nabadilisha mikanda nafunga kamba upya, mteja akija anauliza nimenunua wapi springi mpya, ni zilezile. Haya, zipo zinazovunjika, nimeziona, ila ni chache. Na ukiweka plaiwudi springi hazifanyi kazi tena, una benchi lenye kitambaa.

Fremu sisemi mengi, mbao ina ulimi umeingia kwenye tundu la mwenzake, na gundi ile ya ngozi inalainika kwa joto na maji, kwa hiyo nafungua kiungo bila kuvunja. Jaribu hivyo na sofa za siku hizi, za pini za stepo na mbao mbichi ya kalitusi.

Wauzaji nao, kila kiti "kilikuwa cha Mhindi, 1972". Kama ni kweli basi wale aliowafukuza Amin kila mmoja alikuwa na viti mia sebuleni.

Ila na mimi nina yangu. Nikiambiwa ni mvule nakwangua vanishi chini ya mkono wa kiti, na bado siku zingine naitikia "ndiyo mvule" roho ikisitasita. Halafu usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi zinazojazwa ndani ya kiti. Miaka mingi nilikuwa nautupa naweka foamu, mteja anapenda laini, sasa najiuliza, maana foamu hiyohiyo inabonyea inarudi kwangu, na usumba ungechambuliwa tu ukarudishwa.

Mama nimemfungia kamba mbele ya macho yake, akakaa, akanyamaza, akauliza plaiwudi yake iko wapi, anataka kufunikia pipa la maji.